Manyoya ya Kunguru

Kililetwa karakana yangu, Shela ya Malindi,
kwa mkokoteni wa maji,
kimefunikwa leso mbili za jina moja.
Bi Ortensia nyuma, mkono kifuani: Piano, piano!
Kadenge, mwenye Kiitaliano cha ufukweni, akapunguza mwendo.
Mimi nikadhani ametaja jina la mzigo.

Kumbe piano alikuwa hajazaliwa.
Hiki ni cha kabla yake,
hakina nyundo ndani, kina midomo:
ukibonyeza kibao, kijiti kinaruka,
kinaudonoa uzi, kinarudi kulala.
Kazi ya kuku na mtama.

Mbao za kwao hazijui chumvi; zilikuwa zimevimba.
Nikakifungua ubavu kwa patasi ya marehemu baba,
na ndani, mahali pasipoonwa na mtu,
nikakuta maua yamechorwa.
Nikamtolea salamu fundi yule.

Siku kumi alikaa juu ya gogo la mvule
akinisimulia, kahawa inapoa.
Hapo kale watawa wao waliimba sauti moja tu,
bila ngoma, bila zeze,
ukuta wa jiwe ndio ukiwaitikia.
Kisha mtu akaona nyimbo zinamtoroka,
akachora mistari minne,
akazianika kama pweza kambani.
Kisha sauti ya pili ikapanda mgongoni mwa ya kwanza,
ya tatu ikaja na maneno yake mengine kabisa,
hadi maaskofu wakalalama hawaisikii dua.
"Harusi mbili, mtaa mmoja," nikamwambia.
Akacheka akapaliwa.

Siku ya sita akataja liuto,
akauchora vumbini: tumbo la nusu tikiti,
shingo imevunjikia nyuma.
Sikusema kitu. Nikauteremsha ukutani udi wa mjomba.
Akanyamaza yeye.
Al-udi, nikamwambia, ni mti, basi.
Mmeuvusha bahari, mkala alifu,
mkabakiza lamu.
Akarudia polepole, lamu, liuto,
kama aliyeiona pete ya mamaye
kwa sonara wa mji wa mbali.

Kulinganisha nyuzi ndiko kulikonitoa jasho.
Ukiziridhisha sauti kumi na moja
ya kumi na mbili inabweka.
Hesabu haifungi, haikufunga tangu hapo.
Kwao huiita mbwamwitu,
humficha pembeni, nyimbo zisikopita sana.
Hilo halikunishangaza, mimi mtu wa milango:
unapunguza huku, unaongeza kule,
na upenyo haufi, unahama tu.

Ikabaki midomo.
Ile ya plastiki ya Milano ilikuwa imelegea kwa joto.
Zamani, akasema, walichonga unyoya wa kunguru.
Nikamtazama.
Kunguru? Hawa wanaotegewa sumu mahotelini,
wezi wa mayai, wachafuzi wa shuka kambani?
Hao hao.
Mjukuu wangu Famau akaenda jaani nyuma ya soko,
akarudi na mfuko mzima, akinuka, akitabasamu.
Nikachonga kwa wembe vidomo arubaini na tisa,
kila kimoja mara tatu,
maana kinene kinafoka na chembamba kinanong'ona.

Ijumaa baada ya sala akaketi.
Sauti ya kwanza ilikuwa kavu,
mvua chache juu ya makuti.
Kisha vidole vikaanza kuzungusha nakshi,
nakshi ndani ya nakshi,
hakikuachwa kipande kitupu, kama vile
aliyeutunga alilipwa kwa ua, si kwa mlango.
Wapita njia wakasimama. Muuza mahamri akatua beseni.
Katikati kidole kikateleza, mbwamwitu akalia.
Kadenge akauliza kama kimeshaharibika tena.
Nikamwambia hapana, huyo anaishi humo.

Juu ya bati kunguru mmoja
akainamisha kichwa upande,
akasikiliza hadi mwisho, au karibu na mwisho,
akashuka
akaiba hamri.